Motokaa Ndogo, Safari Ndefu: Kutoka Vilima vya Kampala Hadi Kabale

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina habari yake. Namirembe na Rubaga vina makanisa makuu. Kibuli na Kampala ya Kale vina misikiti. Mengo kuna jumba la Kabaka. Kololo na Nakasero kuna nyumba za wenye uwezo. Chini ya vilima hivyo, mabondeni, ndiko zipitako barabara, maji ya mvua na watu waendao kazini. Mtu atakaye kuishi katika mji huu hana budi kujifunza mambo mawili mapema: kupanda na kushuka.

Asimamaye kando ya Barabara ya Jinja saa kumi na mbili na nusu asubuhi huyaona magari ya kila namna yakiingia mjini. Zipo takisi nyeupe za abiria 14, zenye mstari wa miraba ya buluu ubavuni. Yapo malori yatokayo Malaba na Busia. Ziko pikipiki za boda boda zisizohesabika. Na katikati ya hayo yote kuna motokaa fupi, za mviringo kama yai, zinazojipenyeza taratibu bila makelele. Aghalabu motokaa hizo ni Toyota Vitz, au dada yake mkubwa, Toyota Starlet. Hazina fahari, wala mwenye duka hatoki nje kuzitazama zipitapo. Lakini ndizo zinazowapeleka watoto wengi shuleni, wagonjwa wengi hospitalini, na mama wengi sokoni.

GARI KUTOKA MBALI

Motokaa ya namna hii ni ile ambayo haina buti lililojitenga nyuma. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, na kiti cha nyuma huweza kukunjwa ili mzigo upate nafasi. Wafaransa walitengeneza Renault 4 ya mtindo huo mwaka 1961, na Wajerumani wakafuata na Volkswagen Golf mwaka 1974, wakati bei ya mafuta ilipokuwa imepanda duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973. Starlet yenye mlango wa kufunguka juu ilitoka Japani mwaka 1978. Ilipofika mwaka 1999 Starlet iliachwa, na mahali pake pakashikwa na Vitz, ambayo Ulaya huitwa Yaris. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na mwaka 2000 ilipewa tuzo ya gari bora la mwaka katika Ulaya.

Vitz ya kwanza ina urefu wa mita 3 na sentimita 61 tu. Injini yake ndogo ina ujazo wa sentimita za ujazo 997, yaani lita moja, na nguvu ya farasi 70. Nambari hizo yafaa zikumbukwe, kwa maana zitarudi mbele katika habari hii, njiani Lwera.

Motokaa hizi hazikununuliwa mpya na watu wa Kampala. Zilitumika kwanza Japani, kisha zikapakiwa melini hadi Mombasa, na kutoka hapo zikaendeshwa au zikabebwa kwa njia ya Nairobi hadi mpakani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100 kufika Kampala. Kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama Uganda, usukani wake uko mahali panapofaa. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo Vitz za kwanza, zilizokoma kutengenezwa mwaka 2005, haziwezi kuingia tena. Zile zilizoko barabarani ziliingia zamani, na zinaishi kwa utunzaji wa wenyewe.

ASUBUHI YA KILA SIKU

Mfano wa maisha hayo ni sajini mmoja wa polisi, mkewe ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wao watatu. Sajini ni mtu wa Kigezi, mke ni wa Teso, na lugha ya nyumbani mwao ni Kiswahili, kama ilivyo desturi ya watu wa kambini. Walipopata mkopo katika chama cha akiba na mikopo, baba alitamani gari kubwa, la kuinuka, la kumfanya mtu asalimiwe langoni. Mama alichukua kalamu.

"Baba, bei ya kununua husemwa mara moja," alimwambia. "Bei ya kuendesha husemwa kila siku. Tukinunua hilo kubwa, kiwanja tutakiuza."

Kiwanja hakikuuzwa. Ilinunuliwa Vitz ya rangi ya fedha, na wenzake sajini walicheka sana. Wengine walimwuliza kama amelipata gari la mama kwa mahari. Yeye aliwajibu kwamba petroli nayo haijui tofauti ya baba na mama, akaendelea kupangusa vioo.

Kila asubuhi, ufunguo unapozungushwa, sauti ya mwanamke wa Kijapani husikika ndani ya gari. Mwanzoni watoto waliogopa, kisha wakaanza kuiitikia, "Asante, Mama!" Fundi aliwaeleza kuwa ni chombo cha kulipia barabara za kule Japani, kinachokumbusha dereva kuingiza kadi. Hali kadhalika redio ya gari ilikuwa na ukaidi wake. Redio za Japani zilitengenezwa kushika masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Uganda zimo baina ya 88 na 108. Basi kwa miezi mitatu familia hii ilisikiliza stesheni mbili tu, wakitaka wasitake, hadi walipofunga kifaa kidogo cha kuhamisha masafa.

Katika msongamano wa magari udogo ni neema. Vitz huegeshwa mahali ambapo gari kubwa lingezunguka nusu saa likitafuta nafasi. Hugeuza katika kichochoro. Huonekana na dereva wake pembe zote, jambo lililo la maana sana katika mji ambao mwendesha boda boda hutokea kushoto, kulia na wakati mwingine mbele, akija kinyume. Yafaa dereva afungue mlango kwa mkono ulio mbali na mlango, ili mwili ugeuke na macho yatazame nyuma kwanza. Desturi hiyo huweza kuokoa magoti ya mtu.

Lakini udogo una deni lake. Gari hili liko chini. Matuta ya barabarani hukwangua tumbo lake likiwa limejaa watu, na mvua ya Kampala haina mzaha. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, au maji yakijaa Bwaise, barabara hugeuka mto kwa muda wa saa moja. Malori hupita. Takisi hujaribu. Mwenye Vitz huegesha mahali pa juu na kungoja. Maji yakiingia katika njia ya hewa ya injini, injini hukwama ghafula na vyuma vya ndani huweza kupinda; ukarabati wake huweza kukaribia bei ya injini nyingine. Mama mwalimu ana kanuni moja ambayo watoto wote wanaijua: maji usiyoona chini yake, huyaingii.

Wako watu wanaoinua magari haya kwa kutia vipande vya mpira au chuma juu ya springi. Mwanya wa chini huongezeka, ni kweli. Lakini gari lililoinuliwa huyumba zaidi katika kona, na viungo vya ekseli za mbele huchakaa upesi kwa sababu hufanya kazi kwa pembe isiyokusudiwa. Sajini alifikiri juu ya jambo hilo, akaamua kuliacha gari lilivyo na kupunguza mwendo kwenye matuta.

DAFTARI LA MAMA

Ndani ya kisanduku cha mbele cha gari kuna daftari la shule lenye jalada la buluu. Mama huandika humo kila lita ya petroli, kila kopo la oili, kila shilingi ya fundi. Kwa daftari hilo wamejua kwamba katika msongamano wa mjini lita moja huwapeleka kilomita 10 au 11, na katika barabara kuu, kwa mwendo wa utulivu, huwapeleka 16. Tofauti hiyo si siri ya injini. Gari linaposimama huku likinguruma hunywa bila kutembea.

Daftari hilo pia linakumbuka misiba ya umma. Limeandikwa Januari 2022, wakati madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya kupimwa Korona, na petroli ikaadimika mjini. Limeandikwa katikati ya mwaka huohuo, lita moja ilipopita shilingi 6,000. Majirani wenye magari makubwa waliyafunika kwa turubai. Vitz iliendelea kupeleka watoto shule, lakini ziara za Jumapili zilikatwa.

Vipuri hupatikana kwa urahisi, kwa maana magari haya ni mengi. Katika soko la Kisekka kuna mafundi na wauzaji wanaoijua Vitz kama mama ajuavyo mtoto wake. Lakini mnunuzi awe na macho. Kipuri cha bandia hufungwa katika boksi zuri kuliko lile la kipuri halisi. Kipuri cha zamani kilichotolewa katika gari la Japani, kikiwa kizima, mara nyingi hudumu kuliko kipya cha bandia. Kwa breki, hata hivyo, asitafute mtu urahisi: pedi za breki zinunuliwe mpya, kwa muuzaji anayejulikana, na zifungwe mbele ya macho ya mwenye gari.

Kwa faida ya familia nyingine, haya ndiyo mambo ambayo mama na baba hawa huyatazama.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi: maji ya rejeta, kiasi cha oili, na sakafu chini ya gari kama kuna tone lolote. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto.

Kila juma: upepo wa tairi. Kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zake husomeka. Kipimo chake ni kilopaskali. Kila 100 ni sawa na ratili 14 na nusu katika pampu za vituo vyetu. Kwa hiyo 230 ni ratili 33.

Kila kilomita 5,000: oili mpya pamoja na kichujio chake. Injini hii huendesha sehemu zake za juu kwa mnyororo, ambao haubadilishwi mara kwa mara kama mkanda wa mpira. Lakini mnyororo huo huishi kwa oili safi. Anayeruka oili anaua mnyororo.

Wakati wa vumbi: kichujio cha hewa kikung'utwe, na kikichoka kibadilishwe. Kifua cha gari hakina tofauti na kifua cha mtu.

NJIA YA MAGHARIBI

Askari hapati likizo wakati wa Krismasi, kwa maana wengine wakisherehekea yeye ndiye anayewalinda. Hivyo familia hii ilisafiri Januari, wakati wa kiangazi, kwenda kwa mama yake sajini huko Kabale, mwendo wa kilomita 410 hivi. Watu watano, masanduku mawili, mchele, sukari, sabuni, na blanketi jipya la bibi. Kabla ya kuondoka sajini aliongeza upepo wa tairi za nyuma kidogo, akapima mwanga wa taa ukutani ili mzigo usizielekeze mbinguni, akahakikisha kwamba mikanda yote mitano inafunga. Waliondoka alfajiri.

Barabara hutoka mjini kwa Busega, ikapita Nsangi na Mpigi. Katika Mpambire, wachonga ngoma wameziweka ngoma zao kando ya njia, kubwa kwa ndogo, ngozi zikiwa zimewambwa na kukauka juani. Katika Kayabwe, kilomita 72 kutoka Kampala, kuna duara jeupe la saruji linaloonyesha mstari wa Ikweta. Hapo vijana wana mabeseni, nao huwaonyesha wageni maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Ni mchezo wa kupendeza, ingawa katika beseni dogo nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuweza kuyageuza maji. Kinachoyageuza ni jinsi yanavyomiminwa. Watoto walisimama, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, wakapigwa picha, safari ikaendelea.

Baada ya Kayabwe barabara huingia katika kinamasi cha Lwera. Ni barabara iliyonyooka, yenye maji na mafunjo pande zote. Hapo ndipo Mto Katonga ulipofurika Mei 2023, daraja likaharibika, na magari yakalazimika kuzunguka kwa Kanoni, Sembabule na Villa Maria ili kufika Masaka. Na hapo ndipo dereva wa gari dogo hupimwa, kwa kuwa unyofu wa barabara humshawishi kila mtu kumpita mwenzake.

Mbele ya Vitz kulikuwa na lori refu lenye tela, likienda kilomita 60 kwa saa. Nyuma, basi lilikuwa likipiga honi. Mtoto wa kwanza akasema, "Baba, mpite!"

Sajini hakumpita. Baadaye, walipopumzika Lukaya wakila kuku wa kuchoma na gonja, alimwonyesha kijana huyo hesabu yake juu ya karatasi ya kufungia chakula. Lori lina urefu wa mita 18. Gari letu karibu 4. Nafasi ya usalama nyuma yake na mbele yake, mita 20 na 20. Jumla ni mita 62. Sisi tukienda 80 na lori 60, tunalizidi kwa mita 5 na nusu kila sekunde; kwa hiyo tunahitaji sekunde 11. Katika sekunde hizo 11 sisi tunatembea mita 245. Anayekuja mbele kwa kasi ya 100 anatembea mita 305. Ukijumlisha, lazima tuone barabara tupu mita 550, zaidi ya nusu kilomita. Na hiyo ni kama tumeshafika kasi ya 80. Injini ya lita moja, ikiwa na watu watano na mchele, haifiki 80 kwa kutaka tu.

"Na barabara tuliiona mita ngapi?" aliuliza baba.

Kijana alifikiri. "Kulikuwa na ukungu kidogo, Baba. Labda mia tatu."

"Basi."

Lile basi lililokuwa likipiga honi liliwapita wote, Vitz na lori pamoja. Lilifika salama siku hiyo.

Kutoka Lukaya hadi Masaka, kisha Lyantonde, mji wa madereva wa malori, nchi hubadilika pole pole. Migomba hupungua, mbuga hufunguka, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huonekana wakivuka barabara kwa mwendo wa waheshimiwa. Karibu na Sanga, penye njia ya kuingia Hifadhi ya Ziwa Mburo, punda milia wakati mwingine hula majani pamoja na ng'ombe bila ugomvi. Dereva apunguze mwendo hapo, hasa jioni, kwa maana mnyama hajui alama za barabarani. Mbarara humpokea msafiri kwa sanamu ya ng'ombe wa Ankole, na ndipo mahali pazuri pa kupumzisha injini na miguu ya watoto.

Baada ya Ntungamo milima huanza. Kabale iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 800 kupita Kampala. Hewa huwa baridi, na injini, ikipata hewa nyepesi, hupoteza sehemu ya nguvu zake. Vitz ilipanda kwa sauti kubwa na mwendo mdogo, upande wake wa njia, ikiwaachia wenye haraka wapite. Wahenga walinena, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Katika miteremko sajini alisogeza mkono wa gia hadi namba 2, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki akazigusa kwa vipindi. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto, na breki yenye moto mwingi haishiki. Saa tisa alasiri waliviona vilima vya Kigezi vilivyokatwa matuta ya kilimo tangu chini hadi kileleni, na dakika chache baadaye bibi alikuwa amesimama mlangoni.

MTU WA SITA

Walikaa siku kumi. Watoto walikunywa obushera wa mtama mpaka wakatamani kulala, na bibi aliwacheka kwa Kiswahili chao cha kambini, huku akiwafundisha salamu za Rukiga. Siku ya tisa jioni bibi alimwita mwanawe uani. Kulikuwa na gunia la viazi mviringo lililoshonwa tayari, kabichi sita, na mvulana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa marehemu kaka yake sajini, akiwa amevaa viatu.

"Mwanangu," bibi alisema, "mtoto huyu hana baba ila wewe. Shule inafunguliwa. Mtakwenda naye."

Sajini hakupinga. Jambo la mtoto lilikuwa limezungumzwa kwa simu tangu mwaka uliopita, na kitanda kilikuwa kimetengwa. Lakini yeye na mkewe walidhani mtoto angeletwa baadaye na mjomba. Sasa mjomba alikuwa na kazi, na gari lilikuwa mlangoni, na katika macho ya bibi gari lililobeba watu watano haliwezi kukosa nafasi ya mtoto mmoja mwembamba. Takisi za kijijini hubeba wanane katika gari kama hilo, wawili wakiwa mbele na dereva.

Usiku ule mume na mke walizungumza kwa sauti ya chini.

"Atakaa juu ya mapaja," alisema sajini. "Ni siku moja."

"Mapaja hayana mkanda, Baba," alijibu mama. "Wewe ndiye unayesimamisha magari kama hayo kila siku kule Kampala. Unawaambia nini?"

Sajini alinyamaza kwa muda mrefu. Kumwambia mama yake kwamba mtoto wa marehemu atabaki kwa sababu ya mkanda lilikuwa jambo gumu. Ingesikika kijijini kote kama mtu wa mjini amemkataa yatima. Kuwaweka watoto wanne juu ya kiti cha watatu, pamoja na gunia la viazi, katika miteremko ile na katika Lwera, lilikuwa jambo gumu zaidi. Akakumbuka mwanga wa taa, upepo wa tairi, na hesabu aliyomwandikia mwanawe juu ya karatasi ya kuku.

"Wewe una leseni," alisema hatimaye.

"Ninayo tangu miaka minne."

"Barabara kuu?"

"Nimeendesha hadi Jinja na kurudi. Na mteremko nilikutazama ulivyofanya."

Asubuhi sajini alimweleza mama yake kwamba mtoto atakwenda, na viazi vitakwenda, na yeye mwenyewe ndiye atakayevisindikiza kwa basi, ili mjukuu wake asiende mjini mara ya kwanza peke yake. Bibi alipendezwa na heshima hiyo kuliko alivyopendezwa na gari. Aliwafunga wote blanketi la maneno, akaomba, akawaaga.

Mama mwalimu aliondoka saa kumi na mbili, watoto wawili wakiwa nyuma na mkubwa pembeni yake, akiwa na kazi ya kusoma alama za njia kwa sauti. Aliteremka kwa gia namba 2. Alipumzika Mbarara nusu saa. Katika Lwera alikuta malori matatu yakifuatana, akakaa nyuma yao hadi mwisho wa kinamasi, na mtoto mkubwa hakusema neno. Saa tisa na nusu alasiri aliegesha mbele ya nyumba, akaandika katika daftari: kilomita 412, lita 25.

Jioni alirudi barabarani hadi Busega, mahali ambapo mabasi ya magharibi huwashusha abiria. Basi la Kabale lilifika giza likiwa limeingia. Sajini alishuka akiwa na vumbi kichwani, gunia begani, na mvulana aliyeshika kanzu yake ya mvua kwa mikono miwili. Kiti cha nyuma cha Vitz kilikuwa kimekwisha kunjwa upande mmoja. Gunia likaingia, kabichi zikaingia, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kishindo kidogo.

Sajini alizunguka upande wa kulia, kisha akakumbuka, akafungua mlango wa kushoto na kukaa kama abiria. Mvulana alikaa nyuma, karibu na dirisha. Mama alimgeukia.

"Funga mkanda, mwanangu. Vuta hapa, halafu bonyeza hapo."

Alizungusha ufunguo. Ile sauti ya Kijapani ikasalimu gizani, na mvulana akashtuka.

"Usiogope," mama alimwambia. "Huyo ni wa nyumbani. Mwitikie tu."